Mwaka Niliompiga Zaituni

Zaituni alinipigia simu mwenyewe kuniambia baba yake amefariki. Sikuitambua sauti. Akasema, "Ni mimi, uliyening'oa jino," nami nikaketi pale pale nilipokuwa, juu ya ndoo ya kufulia, kwa sababu jino lile lilitoka mwaka ambao huwa naupita mbio ninaposimulia maisha yangu. Siku hizi nikialikwa kuzungumza na mabinti wanaojifunza ngumi, wanataka kusikia habari za Dar es Salaam, nilivyoingia ulingoni watu wakicheka na nilivyotoka wakiwa wamenyamaza. Nawapa. Mimi si mtu wa kuombwa maneno mara mbili, nikianza kusimulia unyamaze wewe. Lakini Rusimbi, mtaa wetu wa Kigoma, huwa siwafikishi. Safari hii nilipanda treni kutoka Tabora, mtu mzima na miwani yangu na magoti mabovu, kwenda msibani kwa Mzee Ramadhani aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Nilijua nitakuta wameshamzika. Njia nzima nilikuwa naupanga mwaka ule kichwani, huku najitetea, wakati behewa zima hakuna aliyenishitaki.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nililala chumba kimoja na Goreti. Goreti alikuwa Mrundi. Vita vya kwao vilipochacha alivuka mpaka kwa miguu akaingia Kagunga, na katika msukosuko ule akapoteana na watu wake. Mama yangu, aliyekuwa akienda huko kununua dagaa, alimkuta anawageuzia watu dagaa juani ili apewe chakula, akarudi naye kwa boti bila kumwuliza baba. Baba alipomwona alisema tu kwamba kitanda changu mimi Restituta ni kipana. Kilikuwa kipana kweli, lakini uvunguni mama alipanga madebe ya mawese, kwa hiyo tulinuka mawese sisi na nguo zetu na daftari zangu za shule. Dirisha lilizibwa na mfuko wa unga. Goreti alilala upande wa ukutani, akiongea usingizini maneno ya kwao ambayo mimi Muha niliyasikia karibu yote, na asubuhi sikumwambia nimesikia nini. Mchana alikuwa mcheshi kuliko sisi wote. Alipika kisamvu, yeye akikiita isombe, mpaka mafuta yanapanda juu mekundu, akaweka na mgebuka, samaki wa ziwani kwetu, pembeni na ugali wa muhogo, na baba, ambaye hakuwahi kusifia chakula, akaanza kuuliza kabla ya kunawa, "Leo kapika nani?" Ikiwa ni mimi, alikula. Ikiwa ni Goreti, alikula akaongeza. Nilijifanya sioni. Nilimpenda Goreti, hilo nalisema bila kumung'unya, na nilikuwa namwonea wivu vilevile, na mambo hayo mawili yalikaa tumboni mwangu bila kugombana kwa muda mrefu.

Ngumi tulijifunza pamoja. Kocha Songoro alikuwa askari mstaafu aliyepewa ghala kuukuu karibu na mwalo wa Kibirizi, pale wanaposhushia dagaa, na alikuwa akifundisha vijana wa kiume. Sisi tulimsumbua mpaka akachoka. Alitupa pembe moja ya ghala na gunia lililojazwa mchanga na makapi ya chikichi, na glovu zetu zilikuwa jozi mbili za kupokezana, zikiwa bado na jasho la mwenzako ndani. Wavuvi walikuwa wakichungulia mlangoni kutucheka, mpaka siku Goreti alipomwalika mmoja wao aingie. Sitasimulia yaliyompata yule kijana, ana wajukuu sasa. Goreti alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, polepole, kama anakuwekea kitu mahali pake, kisha unashangaa uko chini. Hakuwa na hasira hata chembe. Mimi nilikuwa na hasira nyingi na pumzi nyingi, na Kocha alinisifia pumzi. Siku moja nilimsikia nyuma ya ghala akimwambia rafiki yake kwamba huyu Muha atafika mbali kwa ubishi wake, ila kipaji anacho yule mwingine, basi tu ndiyo hivyo, hana kwao. Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nilizifunga, nikazifungua, nikazifunga tena.

Hana kwao maana yake ilikuwa hii. Mwaka ule maneno ya msako yalikuwa kila mahali, sokoni, kisimani, kanisani baada ya misa. Ilisemwa kwamba wakimbizi wote wanaoishi mitaani watakusanywa wapelekwe kambini, upande wa Kasulu, hata wale waliokwisha kuoa na kuzaa huku. Askari wakifika mtaani hawatajua nani ni nani, sisi na Warundi tunafanana sura na karibu lugha. Watamwuliza balozi. Balozi akisema huyu wangu, wamepita. Kwa hiyo Kocha hakuthubutu kumpandisha Goreti ulingoni mbele ya watu, alimtumia kunifua mimi tu, na nyumbani mama alianza kumpelekea Mzee Ramadhani mgebuka wa kuokwa kila Ijumaa, akimsalimu barazani kwake kwa magoti na makofi ya taratibu, kama Waha tunavyowasalimu wakubwa. Mzee alikuwa mtu wa haki ila mwenye makuu. Alipenda kuheshimiwa, na akiheshimiwa alilipa.

Wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani mwezi unapokuwa mkubwa, kwa sababu dagaa hawazifuati taa za karabai wakati ziwa lote linang'aa. Siku hizo za mbalamwezi mwalo unajaa wanaume wasio na kazi, na Kocha aliandaa mapambano yake humo humo, alasiri, kwenye mchanga wa kuanikia dagaa. Ndipo akanipangia Zaituni, binti wa mwisho wa balozi, aliyekuwa akijifunza kwa kocha mwingine Ujiji. Mzee Ramadhani aliruhusu mwanawe apigane ingawa wenzake msikitini walimnong'ona, na kwa kuwa alikwisha kunong'onwa aliamua kujivunia waziwazi. Alikuja na wazee wenzake wanne wamevaa kanzu. Asubuhi ya siku hiyo mama aliniita jikoni, akaufunga mlango kwa mguu. Akasema nishinde nikitaka, lakini nishinde kwa pointi, nisimwaibishe mtoto wa balozi mbele ya watu, tuna mtu ndani. Nikamwambia nimesikia. Akanitaka niseme tena. Nikasema tena.

Na ningefanya hivyo, naamini. Ila tulipokuwa tunavishwa glovu Zaituni aliniangalia, akamwangalia Goreti aliyekuwa ameshika ndoo yangu na taulo, akacheka. Akasema, "Mwenye ngumi ni huyo Mrundi wenu. Wewe ndiye ungepaswa kumshikia ndoo." Watu waliosikia walicheka. Goreti naye alicheka kidogo, kwa aibu, kama mtu aliyesifiwa mahali pasipofaa. Nyumbani baadaye walidhani nilikasirika kwa sababu rafiki yangu alitukanwa ukimbizi, na mimi niliwaacha waamini hivyo, maana ilikuwa sababu nzuri. Ukweli ni kwamba nilikasirika kwa sababu Zaituni alisema lile lile la Kocha. Raundi ya kwanza nilimwangusha. Alipoinuka niliona ameshakwisha, mikono yake iko chini, na pointi nilikuwa nazo tele. Nilipokaa kupumzika Goreti alinifuta uso akaniambia sikioni, "Inatosha, Resti. Mzunguke tu." Nikarudi, sikumzunguka. Nilimpiga yule binti mbele ya baba yake mpaka jino likatoka, akaanguka kifudifudi, na mchanga ule wa dagaa ukamganda usoni na magamba yake. Wavuvi walishangilia. Wale wazee wa kanzu walisimama kwanza, kisha Mzee Ramadhani. Alitoa leso yake akampangusa mwanawe mdomo, akaondoka naye.

Jikoni kwetu na sebuleni kulitenganishwa na ukuta wa matofali mabichi usiofika juu, kwa hiyo hakuna lililosemwa likafichika. Siku zilizofuata nilimsikia mama akimwambia baba kwamba balozi amempita njiani bila kuitikia shikamoo, na kwamba mgebuka aliompelekea umerudishwa na mtoto, bado umefungwa kwenye jani. Baba akasema mzee atapoa. Mama akasema msako hautamngoja apoe. Goreti alikuwa mbele yangu anachambua mchele, na alikuwa anasikia kama mimi. Akaendelea kuchambua. Nikamwambia mchele huo una mawe mengi.

Wakaja asubuhi, watu wakiwa bado wanapiga mswaki. Malori yalisimama barabarani, askari wakaingia uani nyumba hadi nyumba, na Mzee Ramadhani alikuwa mbele yao kwa kofia yake na fimbo. Nyumba ya tatu kabla ya yetu kulikuwa na mama Mrundi mwenye watoto. Nilisikia kwa masikio yangu balozi akisema hawa ni wangu, na askari wakapita. Nyumba iliyofuata akasema vilevile. Walipofika kwetu mama alikwisha kumshika Goreti mkono, akasema huyu ni mwanangu, nimemnyonyesha. Askari akamgeukia balozi. Mzee hakumwangalia mama wala Goreti. Aliniangalia mimi, nikiwa mlangoni na kanga kifuani, na hata leo sijui alikuwa anangoja niseme nini. Sikusema. Akasema, "Huyo si wa hapa." Goreti aliruhusiwa kuchukua blanketi. Alipokuwa anapanda lori mama alipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kisha akageuka akaniambia mbele ya majirani, "Umefurahi?" Hakulirudia tena neno hilo maisha yake yote, wala hakuhitaji kulirudia.

Tulikwenda kumwona Jumapili moja, mama na mimi. Ukishuka kwenye basi kuna mwendo wa miguu, halafu mahema na vibanda vya udongo mpaka macho yanachoka. Goreti alikuwa amekonda lakini alikuwa na habari njema, aliikimbilia kuisema kabla hatujaketi. Kulikuwa na watu waliokwisha kutoka. Ndugu akija na barua ya balozi, iliyogongwa muhuri na mtendaji, inayosema kwamba mtu huyu ni wa nyumba fulani, wanamwachia. Mama akainamisha kichwa. Ndipo akatuambia kwamba alikuwa ameshakwenda kwa Mzee Ramadhani mara mbili, akapiga magoti, na mara zote mbili alijibiwa kwa upole kwamba hakukosana na yeye, aje mwenyewe aliyekosa. Mimi nilikuwa sijaambiwa hilo. Goreti akanishika mikono yote miwili, kama tulivyokuwa tukishikana kabla ya mazoezi. Akasema, "Ni magoti tu, Resti. Nenda kamwombe radhi yule mzee. Mimi ningekwenda." Nikamwahidi. Tulikula maharage aliyotupikia yeye kwa mgawo wake, wageni sisi, na tulipoondoka alitusindikiza hadi mwisho wa vibanda akicheka na mama.

Sikwenda. Nimejaribu kwa miaka mingi kulieleza hili kwa namna itakayonifanya nionekane mtu, na halielezeki. Wiki ya kwanza nilisema nitakwenda Ijumaa, mzee akiwa ametoka msikitini na moyo mwepesi. Ijumaa nilifika hadi kwenye uzio wao wa matete, nikamwona Zaituni anafagia uwanja, shavu bado limevimba, nikageuza. Niliona kwamba nikipiga magoti mbele yake nitakuwa nimekubali kwamba sikushinda. Ulingo ni ulingo, nilijiambia, nani anaomba radhi kwa kushinda? Mama aliniuliza mara moja kwa macho, nikasema kesho. Kisha Kocha akaja na habari kwamba kutakuwa na pambano la wasichana Dar es Salaam, na kwamba nimeitwa, mimi, binti wa Rusimbi ambaye hajawahi kupita Tabora. Nikaanza kufanya mazoezi asubuhi na jioni, peke yangu na gunia, na kila nilipomkumbuka Goreti nilisema nikirudi. Nikirudi na ushindi, mzee mwenyewe ataona fahari, barua ataandika bila hata magoti. Nililiamini hilo, nisingepanda treni vinginevyo, au labda ningepanda tu.

Dar nilishinda. Kila nilichokuja kuwa kilianzia pale, safari, nafasi ya kazi niliyopewa kwa sababu ya ngumi, nyumba ninayoishi. Nilikaa huko muda mrefu kuliko nilivyotarajia, maana kocha mmoja wa kule alinitaka nibaki nijifue, nikabaki. Niliporudi Kigoma nilishuka stesheni nikapokewa na ngoma, nikabebwa juu juu, na katika watu wale wote mama hakuwepo. Nilimkuta nyumbani anasonga ugali. Akaniambia bila kugeuka kwamba Goreti amerudi kwao. Kundi la watu kambini lilichoka kungoja, likavuka mpaka kabla huko hakujatulia, naye akafuatana nalo. Alikuwa amempelekea mama salamu kwa mtu, akiuliza kama mimi ni mzima, maana sikuonekana. Mwaka uliofuata mwanamke mmoja wa Nyanza-Lac, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akivusha mawese alimweleza mama kwamba binti huyo aliuawa njiani pamoja na wenzake, wala hawakufika kwao. Mama alinunua mawese ya yule mwanamke yote, akayaweka chini ya kitanda changu. Nililala juu yake.

Kwa hiyo nilifika msibani Rusimbi na hesabu yangu tayari. Nimejiambia kwa miaka yote kwamba Mzee Ramadhani alikuwa mtu mgumu, kwamba hata ningepiga magoti mpaka yachubuke asingeandika, na maneno hayo yamenisaidia kupata usingizi. Nilivua viatu nikaingia walikokaa wanawake. Zaituni alinisogezea mkeka. Amenenepa, ana wajukuu, na pengo lake linaonekana anapotabasamu. Alinilisha pilau kwa kunilazimisha, akaniambia baba yake alivyougua na alivyofariki kwa utulivu, akanitania kwamba nimezeeka kuliko yeye. Nikasema sawa, nimeyataka. Kisha nikamwambia nililokuja kusema, kwamba nilipaswa kuja katika nyumba hii zamani sana, kumwomba radhi baba yake na yeye, na sikuja. Hakujifanya hajui ninachozungumzia. Akanawa mikono taratibu, akajifuta kwa kanga.

"Baba alikuwa anakungoja," akasema. "Hasira zilimwisha siku ile ile malori yalipoondoka. Mama yangu alimwambia aandike tu barua, yeye akasema hapana, yule binti atakuja, akija naandika hapo hapo."

Nikamwuliza alijuaje kama nitakuja.

"Hakujua. Alikuwa anatoa viti viwili barazani kila alasiri. Kimoja anakaa yeye. Mama akitaka kukiingiza cha pili anamkataza, anasema kuna mtu anakuja."

Wanawake wengine walikuwa wakijifanya wanawashughulikia watoto. Nikamwuliza baba yake alikitoa kiti hicho mpaka lini. Zaituni aliangalia mikono yake kwanza. Nadhani alikuwa anapima kama aniambie.

"Mpaka jioni ile redio ilipotaja jina lako, kwamba umeshinda Dar," akasema. "Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka, akakiingiza ndani mwenyewe."